Ernest Starling: Mwalimu Aliyesikia Utumbo Ukiongea

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinyoosha mkono dakika chache kabla kipindi hakijaisha. Somo lilikuwa homoni. Nilikuwa nimeshachora kongosho ubaoni, nimeeleza jinsi insulini inavyoshusha sukari kwenye damu, na kusema kweli nilikuwa najiona nimefundisha. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu: kongosho linajuaje kwamba mtu amekula, wakati chakula hakipiti ndani yake? Mama yake ana kisukari, akaongeza, ndiyo maana anauliza.

Nilimjibu haraka haraka, bila kusita. Nikamwambia ubongo ndio unaotuma taarifa kupitia neva, kongosho linapokea, linaamka, linafanya kazi. Kengele ikalia, nikaponea hapo. Niliporudi chuoni lile swali likanifuata mpaka maktaba, na huko nikakuta aibu yangu: jibu nililompa mtoto wa watu lilikuwa ndilo jibu la wakubwa wa sayansi mwaka 1901. Mwaka uliofuata likavunjwa. Aliyelivunja, pamoja na shemeji yake, anaitwa Ernest Henry Starling. Nimeona niwasimulie maisha yake, maana neno homoni tunalitumia kila siku, tena hata kwenye utani wa hosteli, bila kujua limetoka kwa nani.

Starling alizaliwa London tarehe 17 Aprili 1866. Baba yake alikuwa mwanasheria aliyefanya kazi Bombay, India, na nyumbani alikuwa akionekana kwa nadra sana. Mzigo wa malezi ukabaki kwa mama. Kijana alikuwa na akili nyepesi, na mwaka 1882, akiwa na miaka 16 tu, akaingia kusomea udaktari katika hospitali ya Guy's. Wengi waliingia pale wakitaka kuwa madaktari wa kutibu. Yeye akavutwa na fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba Uingereza ya wakati ule ilikuwa nyuma katika elimu hiyo, Wajerumani ndio waliokuwa mbele. Basi akaenda Heidelberg kujifunza kwa Wilhelm Kühne, na baadaye Breslau kwa Rudolf Heidenhain. Aliporudi alikuwa ameshaamua kwamba udaktari usio na maabara ni kubahatisha.

Mwaka 1891 alimwoa Florence Wooldridge, mjane wa mwanafiziolojia aliyekuwa akifundisha Guy's. Karibu na wakati huo akakutana na mtu aliyebadilisha maisha yake kikazi: William Bayliss wa University College, London. Wawili hawa walikuwa kama moto na maji. Starling alikuwa na haraka, anasema lililo moyoni, anataka jibu leo leo. Bayliss alikuwa mpole, mtaratibu, na kwao walikuwa na uwezo, hivyo hakuwa na sababu ya kukimbizana na mtu. Mwaka 1893 Bayliss akamwoa Gertrude, dada yake Starling, na urafiki wa maabara ukawa undugu.

Kabla ya habari ya utumbo, Starling alishajijengea jina. Mwaka 1896 alieleza jinsi maji yanavyotoka kwenye mishipa midogo ya damu kuingia kwenye mwili na jinsi yanavyorudi, jambo ambalo wanafunzi wa udaktari wanalikariri mpaka leo kwa jina lake. Mwaka 1899 akawa profesa wa fiziolojia University College, akiwa na miaka 33.

Sasa tuje kwenye swali la yule mwanafunzi wangu. Kongosho lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa majimaji ya kusaga chakula, ambayo yanamwagwa kwenye utumbo mwembamba. Ya pili ni kutoa insulini, ambayo inaingia moja kwa moja kwenye damu. Mwaka 1901 iliyofahamika vizuri ni ile kazi ya kwanza, na mfalme wa elimu hiyo duniani alikuwa Ivan Pavlov wa Urusi. Pavlov na wanafunzi wake walikuwa wameonyesha kwamba neva zinaamuru tumbo na kongosho. Kazi yao ilikuwa ya uhakika na yenye ustadi mkubwa, kiasi kwamba watu wakaamini kila kitu katika usagaji wa chakula kinaendeshwa na neva. Hata Wafaransa wawili, Wertheimer na Lepage, walipoona kwamba kongosho linaendelea kujibu hata neva kubwa zikikatwa, walidhani lazima zimebaki neva nyingine ndogo mahali fulani. Jibu lilikuwa mbele ya macho yao, lakini walichokuwa wanakitafuta ni neva.

Tarehe 16 Januari 1902 Bayliss na Starling walimlaza mbwa kwa dawa ya usingizi. Wakatenga kipande cha utumbo mwembamba, wakakata neva zote zinazokwenda pale, wakaacha mishipa ya damu tu. Kisha wakaingiza tindikali ndani ya kile kipande, aina ile ile inayotengenezwa na tumbo wakati wa kusaga chakula. Kama neva ndizo mjumbe pekee, kongosho lilipaswa kukaa kimya. Halikukaa kimya. Likatoa majimaji yake kama vile hakuna kilichokatwa.

Starling hakukaa kushangaa. Aliona palepale kwamba kama ujumbe haukupita kwenye neva, basi umepita kwenye damu. Akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na tindikali, akachuja, halafu yale maji akayachoma kwenye mshipa wa damu wa shingoni mwa yule mbwa. Muda mfupi tu, kongosho likaanza kudondosha. Hakukuwa na chakula wala neva. Kulikuwa na kitu kilichotoka kwenye ukuta wa utumbo, kikasafiri na damu, kikafika kongosho kikaliamsha. Wakakiita sekretini.

Fikiria hapo ulikuwa wewe. Umefanya jaribio la siku moja, na linampinga mtu anayeheshimiwa kuliko wote katika fani yako. Habari ilipofika Urusi, Pavlov hakuipenda. Inasimuliwa kwamba alimwagiza mmoja wa watu wake arudie jaribio lile mbele ya macho yake. Matokeo yakawa yale yale. Mzee akaondoka, akajifungia ofisini kwake kwa muda, kisha akarudi na kukiri kwamba Waingereza wako sahihi. Mwaka 1904 Pavlov akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya usagaji wa chakula, na aliistahili. Bayliss na Starling hawakuipata kamwe.

Walichokipata wao kwanza ni kesi. Februari 1903 Bayliss alifanya onyesho darasani akitumia mbwa wa rangi ya kahawia. Mbwa huyo alikuwa ameshapasuliwa na Starling Desemba iliyotangulia ili kufunga mrija wa kongosho. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwamo wanawake wawili kutoka Sweden waliopinga upasuaji wa wanyama hai. Wao walidai mbwa hakuwa amelala sawasawa. Kiongozi wa chama cha kupinga vitendo hivyo, Stephen Coleridge, akalisema jambo hilo hadharani, naye Bayliss akamshtaki kwa kumchafulia jina. Novemba 1903 Bayliss akashinda na kulipwa pauni 2000, fedha ambazo alizitoa kwa chuo kwa ajili ya utafiti. Lakini Starling alipokuwa kizimbani kama shahidi alikiri kwamba alimtumia mbwa yule yule mara ya pili, kinyume na sheria. Alijitetea kwamba alitaka kuokoa mbwa wa pili asiuawe.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1906 sanamu ya mbwa yule ilisimamishwa Battersea, kusini mwa London, ikiwa na maandishi ya kuzilaumu moja kwa moja maabara za chuo. Wanafunzi wa udaktari wakakasirika. Desemba 1907 mamia yao waliingia mitaani wakiwa wamebeba vinyago vya mbwa kwenye vijiti, wakapambana na polisi na wakazi. Mwaka 1910 halmashauri ikaiondoa sanamu ile usiku. Mimi hapa sitaki kumsafisha mtu. Wanyama waliteseka kwa ajili ya elimu hii, na waliohoji walikuwa na haki ya kuhoji. Kila tukimeza kidonge tukumbuke kwamba kilianzia mahali, na mahali penyewe si pazuri kupatazama kila wakati.

Juni 1905 Starling alialikwa kutoa mihadhara mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari, London. Hapo ndipo alipotumia kwa mara ya kwanza neno homoni. Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma kitu kianze kwenda, na lilipendekezwa na msomi wa lugha wa Cambridge wakati wa mazungumzo ya mezani. Ladha ya jambo hili ni kwamba Starling mwenyewe alikuwa mkali sana kwa shule za nchi yake, akizilaumu kwa kuwakalisha vijana miaka na miaka kwenye Kilatini na Kigiriki huku sayansi ikiwekwa pembeni. Halafu neno lake maarufu kuliko yote likatoka kwenye Kigiriki hicho hicho!

Sekretini ilikuwa imefungua mlango, na watu wakaanza kuuliza swali la pili: kama utumbo unaweza kuliamsha kongosho litoe majimaji, je, hauwezi pia kuliamsha kwenye ile kazi nyingine, ya kudhibiti sukari? Tangu mwaka 1889 ilijulikana, kwa kazi ya von Mering na Minkowski, kwamba mbwa akiondolewa kongosho anapata kisukari. Mwaka 1906 Benjamin Moore na wenzake wa Liverpool waliwapa wagonjwa wa kisukari dawa iliyotengenezwa kwa utando wa utumbo, wakitumaini italichochea kongosho. Kwa wagonjwa wachache sukari kwenye mkojo ilipungua, lakini haikuwa tiba ya kutegemewa. Kumbukeni, insulini ilikuwa bado haijapatikana. Mtoto mwenye kisukari wakati ule alikuwa anasubiri kufa.

Starling naye aliingia kwenye vita hiyo. Mwaka 1912, akiwa na Mmarekani aitwaye Knowlton, alitumia mbinu ya kuuweka moyo na mapafu ya mnyama yaendelee kufanya kazi nje ya udhibiti wa mwili mzima. Wakatangaza kwamba moyo wa mbwa mwenye kisukari unatumia sukari kidogo kuliko wa mbwa mzima, na kwamba ukiongezewa maji yaliyotolewa kwenye kongosho unaanza kuitumia vizuri. Ilikuwa habari kubwa. Ingesimama, huenda leo tungemtaja yeye katika historia ya insulini. Lakini mwaka uliofuata, akifanya kazi na Patterson, akaona matokeo hayarudiwi kama yalivyotarajiwa. Vipimo vilikuwa vinachanganywa na mambo mengine, ikiwemo sukari iliyohifadhiwa ndani ya moyo wenyewe. Wakaandika hivyo, katika jarida lile lile la fiziolojia. Profesa wa miaka 47, mwenye jina kubwa na maneno makali, akaliambia kundi lake lote kwamba la mwaka jana halisimami.

Hapo ndipo nilipomheshimu mzee huyu kuliko kwenye sekretini yenyewe. Kugundua kunahitaji akili na bahati. Kurudi mbele ya watu wale wale na kufuta ubao wako mwenyewe kunahitaji kitu kingine.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Starling aliingia jeshini, akafanya kazi ya kinga dhidi ya gesi za sumu, akakorofishana na wakubwa, akapelekwa Salonika, Ugiriki. Mwaka 1917 akageukia chakula. Aliongoza kamati ya chakula ya Royal Society na kuishauri serikali jinsi ya kulisha taifa wakati meli zikizamishwa baharini. Mtu aliyeanza na kipande cha utumbo cha mbwa sasa alikuwa anapiga hesabu ya mikate ya nchi nzima. Katika miaka hiyo hiyo alitoa kazi yake kuhusu moyo: kadiri moyo unavyojazwa damu zaidi, ndivyo unavyosukuma kwa nguvu zaidi.

Mwaka 1920 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Alipona kiasi cha kurudi maabara. Mwaka 1922 Bayliss alipewa cheo cha Sir, Starling hakupewa. Mwaka huo huo wagonjwa wa kwanza walianza kutibiwa kwa insulini huko Toronto, Kanada, kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod. Mlango ambao Starling aliugonga mwaka 1912 ulifunguliwa na wengine. Mwaka 1924 Bayliss akafariki. Starling aliendelea kufanya kazi, safari hii akichunguza figo, mpaka afya ikamkatalia. Mwaka 1927 alipanda meli kwenda Karibi kupumzika, akiwa peke yake. Tarehe 2 Mei, meli ikiwa inafika Kingston, Jamaika, akafariki. Alikuwa na miaka 61. Akazikwa huko huko, mbali na maabara yake.

Lile swali la pili halikufa naye. Mwaka 1932 Mbelgiji La Barre alikipa jina kile kitu cha utumbo kinachochochea insulini: inkretini. Baadaye wengine wakatangaza kwamba hakipo, na mambo yakapoa kwa miaka mingi. Ilibidi kwanza Rosalyn Yalow na Solomon Berson, Marekani, wabuni njia ya kupima kiasi kidogo sana cha insulini kwenye damu. Mwaka 1964 ikaonekana wazi: mtu akinywa sukari, anatoa insulini nyingi zaidi kuliko akiwekewa sukari hiyo kwenye mshipa wa damu. Sukari ni ile ile, tofauti ni kwamba moja imepita utumboni. Kumbe utumbo unatangulia kulipigia simu kongosho kwamba mzigo unakuja.

Wajumbe wawili wakuu sasa wanajulikana, GIP na GLP-1. GIP inatoka zaidi sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, GLP-1 zaidi sehemu ya mwisho. Kwa mtu mwenye afya, nusu au zaidi ya insulini inayotoka baada ya kunywa sukari inatokana na msukumo wao. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili msukumo huo unapungua sana. Kongosho lake linakuwa kama mwanafunzi aliyekaa nyuma ya darasa, mwalimu anaongea lakini yeye anasikia nusu. Hasa GIP, hata ikiongezwa haisaidii sana. GLP-1 bado inasikika ikipewa kwa wingi, na ina tabia nzuri: inachochea insulini pale sukari inapokuwa juu, inapunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na inauambia ubongo kwamba umeshiba. Shida yake ni kwamba ndani ya damu inaharibiwa kwa dakika mbili hivi. Ndiyo maana watafiti walitafuta vitu vinavyofanana nayo lakini vinavyodumu. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005, na chanzo chake ni kitu kilichokutwa kwenye sumu ya mjusi mmoja wa jangwani. Ozempic, ambayo wengi wetu tunaisikia mitandaoni kama sindano ya watu maarufu kupunguza mwili, ni ya ukoo huo huo. Ilianza kama dawa ya kisukari, na si kitu cha kununua kienyeji bila daktari.

Kwa hiyo yule mwanafunzi wangu alistahili jibu gani? Kongosho linajua kwa njia zaidi ya moja. Neva zinachangia, kwa hilo Pavlov hakukosea na mimi sikudanganya kabisa. Sukari yenyewe ikipanda kwenye damu inaligusa kongosho moja kwa moja. Lakini katikati yupo mjumbe niliyemruka: utumbo, unaotuma homoni kupitia damu mara tu chakula kinapougusa. Na kwa mama yake, kama kisukari chake ni cha aina ya pili, ujumbe huo unafika kwa unyonge.

Niliandika hayo kwenye karatasi moja, nikampigia mwalimu wa Biolojia wa shule ile nikamwomba anisomee darasani. Alicheka kwanza. Akaniambia walimu wa mazoezi huwa wanaondoka na makosa yao, hakuwahi kuona aliyeyarudisha. Nikamtumia picha ya ile karatasi kwenye simu. Wiki iliyofuata akanijulisha kwamba ameisoma, na kwamba yule binti aliomba ainakili aende nayo nyumbani.

Wenzangu wa ualimu, mwaka huu tunarudi tena mashuleni. Tutaulizwa maswali ambayo hatuna majibu yake. Starling alikuwa profesa akiwa na miaka 33, na akiwa na miaka 47 akafuta alichokiandika mwaka uliotangulia. Sisi wenye miaka 22 tunaona haya ya nini?